Aliyegusa Alama za Cherotich

Dubu mwenyewe hakuwa na kosa. Alipita mbele ya kamera kama wanavyopita wote, kichwa chini, watoto wawili nyuma yake, na ile kamera iliyofungwa kwenye mti ikampiga picha tatu kisha ikanyamaza. Jumatatu Cherotich alimtazama vizuri kwenye picha hizo, akampa alama nne, akaendelea na kazi. Jumatano akarudi kwenye picha hiyo kutafuta jambo jingine kabisa, akakuta alama mbili.

Alidhani ni macho. Akapangusa kioo cha kompyuta kwa mkono wa sweta, maana AC ya ofisi ile haikuwa na huruma na kila mtu alivaa sweta huku nje watu wakiiva kwa jua. Mbili ilibaki mbili. Chini yake, kwa maandishi madogo ya kijivu ambayo hakuna anayejisumbua kuyasoma, mfumo ulikuwa umeandika kwamba alama imebadilishwa na Cherotich mwenyewe, Jumanne, saa kumi na mbili na dakika kumi na tisa asubuhi.

Sasa, saa kumi na mbili na dakika kumi na tisa Jumanne, Cherotich alikuwa mtaa wa Najma, chumbani kwake, mswaki mdomoni. Basi la kampuni la zamu yake hupita saa mbili na nusu, na hajawahi hata siku moja kuingia ofisini kabla ya saa tatu. Moyo ukaanza kumwenda mbio. Akafungua picha za nyuma moja baada ya nyingine, na kila alipofungua ndivyo uso ulivyozidi kumpata moto. Katika wiki mbili zilizopita alikuta alama kumi na saba zimeguswa. Zote kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, zote kwa jina lake, na zote za dubu jike wenye watoto.

Kazi yenyewe, ukimweleza mtu wa nyumbani, atafikiri unamtania. Huko magharibi mwa Canada watafiti wamefunga kamera mitini, msitu mzima. Dubu akipita, kamera inamnasa bila yeye kujua, na picha zinatua Doha, ghorofa ya tatu ya jengo moja la Al Sadd, juu ya duka la mapazia, ambako Wakenya, Waganda na Wanepali kumi na wawili wanakaa kuamua kama dubu huyo ni mzima au mgonjwa. Manyoya yamenyonyoka? Anachechemea? Na mwili je? Alama moja ni mifupa mitupu, tano ni aliyenona hadi tumbo linakaribia kuburura chini. Alama unazotoa leo hubaki wazi mpaka saa moja asubuhi ya kesho, kisha zinafungwa na kutumwa. Wataalamu wa Canada huzipitia baadhi kwa macho yao wenyewe, na kila mfanyakazi mpya anapimwa kwa kadiri alivyokubaliana nao katika wiki tatu za mwisho za majaribio.

Cherotich hakuwa na wasiwasi na macho yake. Alizaliwa Bomet, kwa watu wa ng'ombe wa maziwa, na kabla ya kuja Ghuba alisomea mifugo miaka miwili, akazunguka vijijini na sanduku la chanjo begani. Ng'ombe anayefanya kazi yake, alikuwa akiwaambia wenzake, nyonga lazima zionekane, kwa sababu chakula chote kinaenda kwenye kiwele. Ukimwona amenenepa, huyo amekausha maziwa. Kwa hiyo alipomwona dubu amekonda na watoto wake wanarukaruka nyuma, hakubabaika. Alimpa tatu, au nne, kwa roho safi. Kitabu cha maelekezo kilikuwa na kurasa arobaini, naye alisoma kumi za kwanza, akaona anafundishwa kitu alichokijua tangu utotoni.

Kilichomtia hofu ni Alhamisi ya wiki iliyofuata. Siku hiyo miezi yake mitatu ya majaribio ilikuwa inaisha, na asiyefika themanini kwa mia haajiriwi. Kabla ya hapa alikuwa kadama, mtumishi wa ndani, miaka mitatu katika nyumba ya vyumba tisa, akifua, akipika na kulea, simu yake ikikaa kwenye droo ya madam na mlango wa jikoni ukifungwa kwa nje. Kupata ruhusa ya kubadilisha mwajiri kulimgharimu machozi na barua nyingi. Sasa alikuwa na chumba anachoshiriki na mtu mmoja tu, na ufunguo wake mwenyewe, na akitaka kwenda dukani Ijumaa hakuna wa kumuuliza unaenda wapi. Wakala wa kazi za ndani alikuwa ameshampigia simu mara mbili: kuna familia, watoto saba, wanakungoja tu hizo picha zikikushinda. Cherotich alikuwa ameapa kwamba kwa nyumba ya mtu harudi. Na hapo ndipo anagundua kuna mkono unaingia kwenye akaunti yake asubuhi na mapema, na mkono huo unajua pa kuumiza. Watafiti walijali akina mama kuliko dubu wengine wote. Mtu anayetaka ufeli anaanzia hapo.

Wa kwanza kumshuku alikuwa Mwaura. Mwaura alikaa meza ya pili kutoka kwake, naye alikuwa kwenye majaribio, na ofisini ilisemwa kwamba kati ya wawili hao huenda akabaki mmoja. Tena alikuwa na mdomo. Alimwita daktari wa ng'ombe, na picha ya dubu mwenye mbavu ikitokea humuuliza huyu naye anatoa lita ngapi. Alhamisi nzima Cherotich hakufanya kazi ya maana. Alimfuata Mwaura kwa macho alipokwenda kuchota chai ya karak, alipoinama kuokota kalamu, alipocheka na simu. Alimwona mtu mwovu katika kila alichofanya, hata namna alivyokoroga chai.

Lakini hesabu ilikataa. Akaunti zile hufunguka kwenye kompyuta za ofisini tu, na Mwaura hupanda basi lile lile la saa mbili na nusu pale Najma, akalala mdomo wazi hadi Al Sadd. Hawezi kuwa ofisini saa kumi na mbili kisha arudi Najma kuja kukoroma begani kwa watu. Cherotich akamwachilia kwa shingo upande, maana alikuwa ameshaanza kufurahia kumchukia.

Ikabaki zamu ya alfajiri. Walikuwa wanne. Wanepali wawili walikaa upande mwingine wa ofisi na kazi yao ilikuwa swala na mbwa mwitu. Phoebe alikuwa likizo Kampala. Wa nne alikuwa Shiru.

Cherotich alipofika hapo akakaa kitako. Shiru ndiye mwenzake wa chumba. Shiru ndiye aliyemtafutia kazi hii, akamwombea kwa msimamizi, akamfundisha kukishika kile kipanya cha kompyuta siku ya kwanza. Na siku hiyo hiyo Shiru ndiye aliyemwandikia neno la siri. Alimuuliza achague neno asiloweza kulisahau, Cherotich akataja jina la ng'ombe wa kwao aliyemsomesha, na Shiru akacheka mpaka akashika mbavu, akaliandika. Hakuna mtu mwingine Doha nzima aliyelijua jina la ng'ombe yule.

Alitafuta sababu, akaipata upesi, kwa sababu mtu akitaka sababu hakosi. Wiki tatu nyuma walikuwa wanakula wali kwenye sahani moja, kama kawaida yao, na Shiru akauliza kwa sauti ya chini kama Cherotich ameshafika ukurasa wa kumi na tisa wa kile kitabu, pale panapozungumzia dubu wenye watoto. Cherotich alichoka siku hiyo, akajibu vibaya.

"Shiru, wewe umekulia Umoja, Nairobi. Ng'ombe umemwona kwa pakiti ya maziwa."

Shiru alicheka kidogo, kisha akanyamaza, akaosha sahani, akalala akiangalia ukuta. Wakati ule Cherotich hakulitia maanani. Sasa alikirudia kile kimya na kukipindua kila upande, na kila upande alikuta kinyongo. Msichana wa miaka ishirini na saba, ametukanwa na mtu ambaye yeye ndiye alimsaidia. Ameamua kumwonyesha.

Ijumaa na Jumamosi, siku za mapumziko, walikaa chumbani wote wawili, na Cherotich akamtazama mwenzake kama anavyotazama picha za kamera: anakaaje, anapumuaje, macho yanakwenda wapi. Aliona mengi. Shiru alikuwa amepungua mwili. Alikuwa anaweka saa imwamshe saa kumi, wakati zamani aliamka saa kumi na moja kasoro na bado akaliwahi basi la alfajiri. Akiguswa bega anashtuka. Jumamosi jioni akapika ugali na matumbo, akauliza, kama anayeuliza hali ya hewa, Alhamisi anaionaje. Cherotich alisema ameshiba. Alikuwa na njaa ya kufa, lakini hakutaka kula cha mtu huyo. Kabla ya kulala alitoa pasipoti yake chini ya godoro akaisukuma ndani ya foronya. Shiru alipopiga magoti kando ya kitanda chake kuomba, akakaa hapo muda mrefu kuliko kawaida, Cherotich alijilaza akajiuliza mtu anamwomba Mungu nini kwa mikono kama ile. Ilimuuma sana. Alimpenda yule binti, na kumshuku kulimfanya ajisikie mgonjwa, lakini hakuacha.

Angeweza kubadilisha neno la siri mambo yakaisha. Aliwaza hivyo mara nyingi. Lakini zile alama kumi na saba zilikwisha kutumwa, na mfumo ulisema wazi kwamba ni yeye aliyezibadilisha. Angeenda kwa msimamizi na nini? Na maneno matupu? Alitaka kumwona mtu, kwa macho, akiwa amekalia kiti chake.

Kwa hiyo Jumanne alipomaliza zamu alifanya kama wale watafiti. Alikuwa na simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, akaiwekea programu inayopiga picha tatu kila kitu kinaposogea mbele yake. Akaificha rafuni, kati ya boksi la tishu na faili, jicho lake likichungulia. Aliiweka usawa wa kifua cha mtu aliyekaa, ikiangalia chini kidogo, kwa sababu miezi mitatu ya picha za dubu ilikuwa imemfundisha kwamba kamera ikifungwa juu sana unapata migongo mitupu. Akaondoa karatasi mezani, upepo wa AC usije ukazipeperusha na kujaza simu picha za bure. Mwaura alimuuliza anahangaika na nini. Akasema anapanga meza.

Jumatano saa tatu alikaa kitini, akaichukua simu, akaenda nayo chooni. Picha za mwanzo zilikuwa za mfanya usafi na ndoo yake. Zilizofuata zilikuwa za Shiru. Katika ya kwanza amesimama, anaangalia mlangoni. Katika ya pili ameketi. Katika ya tatu ameinama mbele ya kompyuta, kidole kiko kwenye kioo, midomo kama ya mtu anayesoma, na kile kitabu cha maelekezo kimefunguliwa mapajani mwake. Cherotich alikiona kitabu. Akasema moyoni kwamba huyo amekibeba ili akikutwa aseme anasoma.

Alikuwa ameshinda. Alikaa mle chooni mpaka mtu akagonga.

Msimamizi wao alikuwa Cyrus, kijana wa kompyuta kutoka Kisii, mpole, mwoga wa makaratasi. Kitu cha kwanza kilichomshtua ni ile simu. Kumpiga mtu picha bila idhini yake hapa ni kesi, alimwambia, na akamtaka azifute zote palepale, mbele yake, naye akazifuta. Lakini alikuwa ameshaziona. Akafungua orodha ya kadi za mlangoni, akalinganisha saa, akatikisa kichwa. Alimuuliza Cherotich anataka nini kifanyike. Cherotich alikuwa amejiandaa kwa swali hilo wiki nzima. Akasema anataka mambo mawili: mtu huyo aondolewe karibu naye, na alama zake zirudishwe, zile alizotoa yeye kwa mkono wake, moja baada ya nyingine, kabla ya kupimwa. Cyrus akasema la pili ni rahisi, mfumo hautupi kitu. La kwanza akaliandikia barua hapo hapo, akaituma ofisi kuu Lusail kabla Cherotich hajainuka kitini.

Jioni ile chumbani Shiru alikuwa mchangamfu kuliko siku zote. Alimpigia pasi blauzi nyeupe bila kuombwa, akaitundika mlangoni, akamwambia kesho atapita tu, asiwe na wasiwasi. Cherotich alimtazama akastaajabu jinsi mtu anavyoweza kuwa na uso mkavu kiasi kile. Akazima taa upande wake.

Alhamisi saa nne waliitwa kwenye chumba cha vioo. Cyrus alikuwa ameichapisha ile orodha, kurasa mbili, tarehe na saa. Akaisukuma mezani mbele ya Shiru, akamuuliza kama anajua chochote kuhusu alama hizo. Cherotich alikuwa tayari kwa uongo. Alikuwa na majibu ya kila uongo.

"Ni mimi," Shiru alisema.

Cyrus aliuliza kwa nini. Shiru akainua macho, akamtazama Cherotich, na akamtazama kwa muda mrefu hivi kwamba Cyrus akakohoa. Ilikuwa kama mtu anayepima kitu kabla ya kukiinua. Kisha akasema hana la kueleza, waandike tu kwamba ni yeye. Cyrus akajaribu tena, kwa upole. Kuna aliyemtuma? Walikosana? Kuna jambo lolote analotaka lijulikane kabla hajatia sahihi, maana akitia sahihi hakuna kurudi nyuma?

"Hakuna," alisema Shiru. "Cherotich hakujua lolote. Hilo ndilo uandike."

Cherotich aliona hata hayo ni maringo. Alitaka ugomvi, alitaka machozi, alitaka kuombwa msamaha, na badala yake alipewa mtu anayetafuta kalamu. Akajikuta anasema, kwa sauti iliyokwaruza, kwamba walikuwa wanakula sahani moja. Shiru akajibu kwamba anajua. Akatia sahihi, akavua kadi ya mlangoni shingoni, akaiweka juu ya karatasi, akatoka. Mwaura na wengine walimtazama akipita katikati ya meza hadi kwenye lifti. Tiketi yake ya kurudi Nairobi ingekuwa ya Jumamosi.

Cyrus alivuta pumzi kama mtu aliyemaliza kubeba mzigo. Sasa tuyamalize yako, akasema, akageuza kompyuta ili wote wawili waone. Kwenye kioo, mbele ya jina la Cherotich, kulikuwa na namba ya kijani: tisini na moja.

"Ajabu," Cyrus alisema huku anatabasamu. "Amekuharibia wiki zote hizo na bado uko tisini na moja. Zikirudi zako si utagonga mia?"

Cherotich alitaka kutabasamu pia. Tisini na moja. Kama mtu alikuwa anamharibia, mbona ni tisini na moja? Alifungua mdomo kumwambia Cyrus angoje kwanza, lakini Cyrus alikuwa mtu wa kutimiza ahadi, na kidole chake kilikuwa kimeshabonyeza. Namba ikatoweka. Kikatokea kile kiduara kinachozunguka. Kilizunguka, kikazunguka, kisha ikaja namba nyingine, nyekundu. Hamsini na nane.

Cyrus akadhani mfumo umekosea, akafungua ile orodha dubu kwa dubu. Yule mwenye watoto wawili: Cherotich nne, wataalamu mbili. Mwingine, mwenye mtoto mmoja: Cherotich tatu, wataalamu moja. Mwingine. Mwingine. Namba aliyokuwa ameiweka Shiru kwa kila mmoja, karibu kila mara, ilikuwa ileile ya wataalamu. Cyrus akavuta kitabu cha maelekezo, akafunua, akasoma kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika. Dubu mwenye watoto apimwe kwa alama zilezile za dubu wengine. Asiongezewe chochote kwa sababu ananyonyesha. Anapoingia pangoni majira ya baridi hatakula tena kwa miezi, na akiingia amekonda, yeye na watoto wako hatarini. Akina mama wanaokonda ndio hasa tunaowatafuta. Ukurasa ulikuwa wa kumi na tisa.

Cherotich alikuwa amewatazama wanyama wale kwa miezi mitatu, akawaona wanakufa njaa polepole, akawapa alama za ng'ombe mzuri.

"Zirudishe," alisema.

"Zipi?"

"Zake. Zile za Shiru. Zirudishe, Cyrus."

Cyrus akasema haiwezekani, kwa sababu yeye Cyrus ameshaandika kwamba alama zile si za Cherotich, na barua iko Lusail tangu jana. Cherotich akasema basi amwite Shiru, aandike upya, aseme ukweli, kwamba alikuwa anamsaidia. Cyrus akaegemea kiti. Hakuwa mtu mkatili, na alilotaka kulisema lilimpa shida.

"Kukusaidia huko kunaitwa udanganyifu, Cherotich. Angesema hivyo pale, nyote wawili mngetoka. Nadhani ndiyo maana hakusema."

Hapo ndipo ile saa ya kumi asubuhi, ule mwili uliopungua, yale maombi marefu kando ya kitanda, vyote vilipomwangukia kwa pamoja. Yule binti alikuwa amemwambia mara moja, kwa adabu, akatukanwa. Hakumwambia tena. Akaamua kuamka kabla ya watu, kukaa kitini kwa mwenzake na kitabu mapajani, kumrekebishia dubu mmoja baada ya mwingine mpaka Alhamisi ipite. Na alipokamatwa alipima neno moja ambalo lingemsafisha jina, akaliacha. Cherotich aliona aibu ambayo hakuwahi kuijua, hata katika ile nyumba ya vyumba tisa, ambako alitendewa mabaya lakini hakuyatenda yeye.

Cyrus akamwambia aende nyumbani, barua yake ataipata Jumapili. Alipita mezani kwa Mwaura. Mwaura alikuwa ameiona ile namba nyekundu kupitia kioo, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Alimsogezea kiti apite.

Basi la mchana halikuwepo. Alitembea jua kali mpaka kituo cha basi, akangoja, akapanda, akashuka Najma mbele ya duka la Mmalayali, Mhindi wa Kerala, anakonunua unga, akapanda ngazi. Njia nzima alikuwa akitunga maneno. Alipofungua mlango maneno yote yalikuwa yamemtoka.

Shiru alikuwa kitandani kwake, sanduku wazi, anakunja nguo kwa utaratibu kama mtu anayejiandaa kwa safari aliyoipanga. Macho yake yalikuwa makavu. Hakugeuka.

"Umepita?" aliuliza.

Cherotich alibaki amesimama, mkono kwenye kitasa. "Wamenirudishia alama zangu," alisema.

Mikono ya Shiru ikasimama juu ya nguo.

"Ngapi?"

"Zote. Niliziomba mwenyewe. Nilimwambia Cyrus nataka zangu."

"Hapana. Nauliza umepata ngapi."

"Hamsini na nane."

Shiru alikaa polepole pembeni ya sanduku. Asubuhi nzima, mbele ya Cyrus, mbele ya ile karatasi, mbele ya ofisi yote iliyomtazama akienda kwenye lifti, hakuwa ametoa chozi hata moja. Sasa akachukua nguo aliyokuwa akiikunja, akazika uso ndani yake, akalia kwa sauti, mabega yakimtikisika, na Cherotich akabaki mlangoni, hajui kama bado ana haki ya kumshika.